Kiti cha Dereva

Jirani yangu fundi mikono yake hunuka petroli hata akitoka kuoga. Huu mwaka wa tatu analichinja gari kuukuu la marehemu mkewe, injini, usukani, viti, akivihamishia kwenye bodi ya gari la spoti iliyokuja vipande vipande. Kila nati huipuliza mara mbili kabla ya kuifunga, akinong'ona, "Tunakaribia, mama watoto."

Jana alijaribu kukaa kwenye kiti cha dereva. Ni mrefu kama mlingoti; magoti yakagota usukani, shingo ikapinda.

"Shemeji, si usogeze kiti nyuma?" nikamwambia.

Nikainama kumsaidia. Reli za kukisogezea kiti alikuwa amezichomelea, hakisogei tena.

"Hapa ndipo mama watoto alipokiacha," akasema, akavuta mlango taratibu.