Toa Sauti

Mke wangu alitangaza mapema kwamba hatalipanda gari lile, na neno lake alilitimiza. Nililinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anahamia Australia. Miaka ile kila Mzungu niliyemjua Johannesburg ama alikuwa anahamia Australia ama alikuwa anauza kochi la mtu aliyehamia. Lilikuwa gari la Kimarekani la mwaka sabini na moja, milango miwili, rangi ya machungwa, injini ya silinda nane, na boneti ndefu kiasi kwamba ukisimama kwenye roboti, kama tunavyoziita taa za barabarani huku, pua yake iko tayari katika barabara ya watu wengine. Kazi yangu katika benki moja ya Sandton ni kupima hatari. Ninalipwa kuwaambia watu wazima wasifanye mambo ya namna hiyo.

Sina haja ya kujitetea, lakini nitajitetea. Sisi Wakenya wa Sandton tuna ugonjwa wetu. Mtu anakuja na sanduku moja na suti mbili, na kabla ya mwaka kwisha ana gari la Kijerumani la rangi ya kijivu. Jumamosi tukikutana kuchoma nyama, yale magari hupangwa nje yote yakiwa sawa, na wakati wa kuondoka mtu hubonyeza ufunguo ili ajue lake ni lipi. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu katika mji huo, na nilikuwa nimechoka kuwa kijivu. Mikutanoni nilikuwa nikisema jambo linapita kama hewa, halafu baada ya dakika tano mwingine analirudia lilelile na watu wanaandika. Nilitaka kitu kimoja maishani mwangu ambacho kikifungua mdomo watu wageuke.

Kitu hicho, kwa bahati mbaya, kilikuwa na kikohozi. Ekzosi yake ilikuwa imeliwa na kutu toka mbele hadi nyuma. Nilipoliwasha mara ya kwanza, saa moja asubuhi, mama wa nyumba namba kumi na moja aliuliza kwenye kikundi cha wakazi kama zile ni risasi. Wa namba nne akamjibu kwamba haiwezekani, kwani risasi huwa zinaisha.

Mwaka huo, 2019, binti yetu alikuwa katika matriki, yaani darasa la mwisho la sekondari. Kiswahili anakielewa chote, hata kile tulichokuwa tukikizungumza ili asikielewe, lakini hujibu kwa Kiingereza. Ukimwita kula, anajibu kwa Kiingereza kwamba anakuja sasa hivi, na ni ile sasa hivi ya Johannesburg ambayo hukaa nusu saa. Sikuwa nimesikia sentensi nzima ya Kiswahili kutoka kwake tangu alipong'oka meno ya mbele.

Basi ikafika habari ya dansi ya matriki. Nani asiyeijua huku? Watoto wanavaa kama maharusi, majirani wanatoka nje kuwaona wakiondoka, na wazazi wenye akili timamu wanashindana nani atamfikisha wake kwa gari la ajabu zaidi. Mwaka uliotangulia kuna msichana aliyefika kwa farasi. Nikamwambia binti yangu, jikoni, kwamba yeye hana haja ya kukodi chochote, baba yake yupo na gari lipo. Akasimama pale mlangoni akinitazama. Halafu akasema, kwa Kiswahili:

"Sawa, Baba. Lakini tafadhali, toa sauti."

Msomaji anaona tatizo liko wapi. Mimi sikuliona. Mwimbaji hutoa sauti, daktari hutoa jino, kitenzi ni kimoja, na mtu mwenye akili angeuliza anatakiwa kuwa yupi kati ya hao wawili. Mimi nilikuwa nimesimama na kijiko mkononi, nimeguswa hadi nikasahau mboga inaungua. Mtoto amezungumza Kiswahili, na cha adabu. Ameomba gari liache kukohoa na litoe sauti yake halisi, siku yake kubwa. Ndivyo nilivyosikia, kwa sababu ndivyo nilivyotaka kusikia.

Mke wangu alikuja kwa harufu ya mboga, nikamsimulia, akauliza, "Umemuuliza mtoto vizuri anachotaka?"

"Amesema mwenyewe," nikamjibu. "Kwa Kiswahili."

Fundi niliyempata alikuwa Mkongo wa Lubumbashi, mwenye karakana pembeni mwa Alexandra, mahali ambapo ukiinua kichwa kutoka kwenye shimo la grisi unayaona maghorofa ya Sandton, pamoja na dirisha langu. Siku za wiki alikuwa fundi wa ekzosi na Jumapili mwalimu wa kwaya kanisani kwake, na kazi hizo mbili hakuzitenganisha sana. Aliingia chini ya gari, akagongagonga bomba kwa spana huku ameinamisha kichwa kusikiliza, kisha akatoka akijifuta mikono.

"Patron, hii échappement ilishakufa," akasema, maana ekzosi aliiita kwa Kifaransa. "Hapa iko kutu tu, na rangi ndiyo inashika kutu."

"Nataka mpya yote, toka kwenye injini hadi nyuma."

"Bon. Na sauti? Unataka ilie ao inyamaze?"

"Binti yangu amesema nitoe sauti."

Fundi akaacha kujifuta. "Alisema vile? Toa sauti?" Akafikiri kidogo. "Patron, kwa kwaya mimi nikisema toa sauti, watu banaimba. Lakini mtoto akisema vile juu ya mashini, pengine anataka uiondoe. Umuulize kwanza."

Nilikasirika, sitaficha. Mkenya mimi, kufundishwa Kiswahili na Mkongo. Ni kweli kwamba Mtanzania angetusikia wote wawili angekaa chini acheke hadi kesho, lakini hakuwepo Mtanzania pale, kwa hiyo nilijiona mimi ndiye mwenye lugha. Nikamwambia namjua mwanangu. Akainua mabega, akauliza tu kama nataka baritoni au besi. Nikasema besi.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu, maana umeme ulikuwa ukikatwa kwa zamu mji mzima na bila umeme hakuna kuchomelea. Ekzosi ya zamani ilishuka vipande vipande. Ndani ya sailensa tulikuta kiota cha panya aliyehama zamani, pengine naye Australia. Skrubu za kwenye injini zilikatika mbili, akazitoa kwa moto na maneno ya Kifaransa ambayo sidhani huimbwa kanisani. Mabomba mapya aliyapinda kwa mkono. Alikuwa akijaza bomba mchanga mkavu, anaziba huku na huku kwa vigingi vya mti, analipasha moto hadi linakuwa jekundu, kisha analiegemea taratibu kwa uzito wa mwili wake. Mchanga, alinieleza, hulizuia bomba lisikunjike likabana pumzi ya injini. Nilisimama pale na viatu vyangu vya ofisini nikitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi niliona mtu akifanya kazi ambayo mwisho wake unaonekana kwa macho.

Alipomaliza kulikuwa na mabomba mawili yanayokwenda sambamba hadi nyuma, na sailensa mbili ndogo ambazo alisema ziko pale kwa heshima tu. Nikawasha. Fundi alifumba macho, akasikiliza, akatikisa kichwa.

"Baritoni," akasema. "Bado."

Akazima, akakata, akachomelea tena. Nilipowasha mara ya pili, msusi wa saluni ya jirani alitoka nje na kitana mkononi, na mteja wake nyuma yake, nusu ya kichwa imesukwa. Kifua changu chote kilitetemeka. Nilifurahi hadi macho yakanilowa, na niliusingizia moshi.

Gari nililiacha kwa fundi hadi siku yenyewe, ili binti yangu asilisikie kabla. Siku hiyo nilikwenda kwa teksi kulichukua, nikalirudisha nyumbani polepole, na kabla sijafika lango la nyumba zetu nikalizima, mlinzi akanisaidia kulisukuma ndani, yote hayo ili mshangao usiharibike. Mtoto akatoka. Gauni la kijani, nywele zimebanwa juu, shingo ndefu ya bibi yake. Mama yake alimpiga picha hadi simu ikapata joto, kisha akaenda zake kazini hospitalini kwa gari la kijivu. Mimi nikamfungulia mlango binti yangu, nikazunguka, nikaketi, nikawasha.

Magari manne ya majirani yalianza kulia king'ora kwa mtetemo. Mbwa wa namba tisa aliingia chini ya gari mojawapo. Nikamgeukia binti yangu na tabasamu la mtu aliyetimiza ahadi, nikamwona amekaza macho mbele, mikono yote miwili juu ya pochi yake. Nikajua ni wasiwasi wa sherehe. Njia nzima madereva wa teksi walitupigia honi na watu kwenye roboti walituonyesha dole gumba, nami niliwajibu wote kwa mguu, nikikanyaga mafuta. Nadhani katika maisha yangu sijawahi kuwa mjinga kwa furaha kiasi kile.

Shule yao iko bondeni. Tulipofika juu ya mteremko wa mwisho, akasema nisimame. Nikaegesha pembeni. Akaniambia nizime. Nikazima.

"Nilisema utoe," akasema kwa Kiingereza, polepole, kama anayezungumza na mtu aliyeshuka jana kutoka kwenye ndege. Kwa vidole viwili akaonyesha kitendo cha mtu anayetoa unywele kwenye chakula. "Utoe. Isiwepo."

Nikasema nilidhani. Akasema anajua nilidhani. Akaniambia kwamba amekaa miaka kumi na miwili katika shule ile akijifunza kuzungumza kama wenzake, kucheka kama wao, hata jina lake kulitamka vibaya kama wanavyolitamka wao, ili siku moja aingie mahali bila mtu kugeuka kuuliza huyu ametoka wapi. Na sasa watageuka wote.

"Kwa nini hukuniambia kwa Kiingereza?" nikauliza.

"Kwa Kiingereza ingekuwa kama nakukaripia," akasema. "Nilitaka nikuombe kwa adabu."

"Na kwa nini ulikubali kupanda?"

Akanitazama kana kwamba swali ni la mtoto. "Kwa sababu ulitaka sana."

Niliona aibu. Sina neno jingine la kuipamba. Mwanangu alikuwa ametafuta lugha yangu, akaokota maneno aliyokuwa nayo, akaniletea, na mimi nikayapeleka kwa fundi yakatengenezwe besi. Hata Mkongo aliyaelewa kabla yangu.

Nikatazama mteremko. Ulikuwa umenyooka hadi langoni. Nikaweka gia huru, nikaachia breki ya mkono, na sikuwasha.

Gari lilisita, kisha likaanza kushuka lenyewe. Bila injini, usukani wake unakuwa mgumu kama wa trekta na breki inataka miguu miwili, kwa hiyo nilikuwa nimeukumbatia usukani ule huku jasho likiloanisha kola, na nasali. Lakini hakukuwa na sauti. Tulisikia matairi, upepo kidogo, na gauni lake lilipogusana na kiti. Nikamwona kwa pembeni ameachia pochi.

Tukafika langoni na kusimama pale hasa palipotakiwa, na hilo nalihesabu kuwa muujiza. Kulikuwa na kundi la wanafunzi wenye simu juu. Waliinama kutazama chini ya boneti, wakatazamana. Mmoja, mwenye koti la kung'aa, akamsogelea binti yangu aliposhuka, akamuuliza kama gari hili ni la umeme.

"Ndiyo," akasema bila kutikisika. "Baba yangu amelibadilisha mwenyewe."

Wakatikisa vichwa kwa heshima, mmoja akasema eish ya kustaajabu, halafu wakaanza kuzungumza habari za viatu. Wakaondoka naye katikati yao, gauni la kijani kati ya magauni mengine, hadi nikashindwa kumtofautisha. Hakugeuka. Ndicho alichokuwa ametaka.

Nikabaki na tani moja na nusu ya chuma nisiyoweza kuiwasha. Nyuma yangu magari mengine yalikuwa yakishuka. Mlinzi wa lango la shule akaja mbio, na kwa lafudhi yake nikajua ni ndugu wa yule fundi wangu kwa nchi, nikamsalimu kwa Kiswahili. Akafurahi, akainama dirishani.

"Patron, betri imekwisha?" akauliza kwa sauti ya chini, asije akaniaibisha. "Nilisikia batoto banasema ni ya umeme. Hizi za umeme ziko nzuri, lakini ziko na mateso."

Karibu mwaka mzima nilikuwa nimelisifia gari lile kwa kila aliyekuwa na masikio. Nikamwambia ndiyo, imekwisha. Nikavua koti la suti, nikaliweka juu ya kiti, nikashuka. Yeye akashika usukani kupitia dirishani, mimi nikaenda nyuma nikaweka bega, na tukalisukuma hadi kwenye kona, akinipa pole njia nzima.