Thoya alimwahidi Mungu zaidi ya alichoombwa

Jua bado halijakolea Muyeye, Malindi, na Thoya Kambi amekwisha kuvua viatu. Anaupapasa mnazi, anafumba macho, midomo inamchezacheza kwa sala fupi, kisha huyoo, anapanda. Chini, mwenye nyumba anawafukuza kuku na wajukuu wakae mbali.

"Jihadharini huko chini," anasema kutoka juu, kwa utulivu wa mtu aliyekalia kiti chake. Nazi ya kwanza inatua mchangani kwa kishindo.

Thoya, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mkwezi. Huangua nazi na kukata makuti makavu yanayoning'inia juu ya mapaa ya watu, shilingi hamsini kwa mti. Kazi hii anaiita wito, wala hatanii.

Zamani alikuwa mgema wa tembo, ile pombe ya mnazi, kama marehemu baba yake. Alipookoka alisimama mbele ya kanisa, akavichoma vibuyu vyake vya tembo pamoja na kamba ya kupandia, akaapa kwamba mguu wake hautaugusa mnazi tena. Waumini wakapiga vigelegele. Hakuna aliyemuuliza atakula nini.

"Kwetu ukisema fulani apanda mnazi, watu wajua ni mgema," anaeleza. "Sikujua kuutenga mti na tembo. Nikaviacha vyote."

Ndipo akaanza kuusaka mpango wa Mungu kwa maisha yake. Alifunga. Alikesha. Alijaribu kuhubiri sokoni, akasahau mstari katikati, akaondoka jasho likimtiririka. Alibeba mawe, akauza maji kwa mkokoteni, na kila kazi aliiona kama nguo ya kuazima. Miaka mitatu ikapita hivyo, nyumbani wakilala mara nyingine na uji mtupu.

"Nilimwambia, baba Dena, Mungu hakukupa miguu hiyo uende nayo kwenye mikesha tu," anasema mkewe, Mbeyu, akicheka. "Hakunisikia. Mimi si mchungaji."

Mwaka jana, Jumapili moja ya upepo, nazi kavu ilitoboa bati la kanisa lao na kuangukia katikati ya watoto wa shule ya Jumapili. Kwa neema tu hakuumia mtu. Mnazi ulioegemea paa ulikuwa umesheheni nyingine. Watoto wakatolewa nje, na Mchungaji Simeon Mutuku, Mkamba aliyehamia Malindi kutoka Kitui, akawaomba waumini wainue mikono wamsihi Mungu awaletee mkwezi.

"Kanisa zima lamuomba Mungu alete mkwezi, nami nimekaa safu ya tatu," anasema Thoya. "Nikaona haya. Nikatoka."

Alipanda bila kamba, na suruali yake ya ibada, akiamini kwamba anavunja nadhiri na kwamba akishuka atatengwa. Aliangua nazi zote. Aliposhuka, machozi yalikuwa yakimtoka.

"Nimeapa uongo, Mchungaji. Nitengeni."

"Ndugu Thoya," Mchungaji alimjibu, "uliitwa uache tembo. Mnazi wenyewe hukuombwa."

Thoya anasema alihisi kifua kimefunguka. Siku hiyo alikula ugali akausikia utamu wake. Mchungaji naye hajifichi. "Tulishangilia mno siku ile ya vibuyu," anasema. "Tungemuuliza anaacha nini hasa."

Sasa huitwa na Waislamu na Wakristo, kuanzia Muyeye hadi Ngomeni, na jioni hurudi nyumbani ana kitu mkononi. Haombi tena ishara. Huomba ulinzi, akapanda.

Lililobaki liko Magarini, kwa mamake, Kabibi. Mama huyo alikasirika mwanawe alipoitupa kazi ya baba yake, na tangu hapo wamekuwa wakisalimiana kwa simu tu. Minazi ya nyumbani kwake ndiyo aliyokuwa akiigema Thoya, na mnazi unaogemwa hauzai, kwa kuwa kinachokatwa ni kikonyo cha maua. Tangu aiache, imezaa. Nazi zinakaukia juu, mama hana wa kumwangulia.

Jumamosi hii Thoya anakwenda, yeye na Mbeyu, na gunia tupu.

"Minazi ile baba aliigema, nami nikaigema, na hakuna katika sisi aliyewahi kuonja nazi yake," anasema akiikunja kamba yake mpya. "Nikifika nitamwamkia mama, nipande. Akinipokea, tutakula wali wa nazi."