Kigari Alichokabidhiwa Qamara

Mzee Hilary hakuwa na imani na vitu vya kuchezea vya siku hizi, na ukimpa nafasi alikueleza sababu mpaka chai yako ikapoa. Kwake yeye, kitu cha mtoto ambacho hakikutengenezwa na mkono wa mtu unayemjua ni takataka iliyochelewa kutupwa. Enzi zao, alisema, mtoto aliyetaka gari alitafuta waya, akakata magurudumu kwenye ndala iliyochoka, akaunga usukani mrefu wa kumfika kifuani, na jioni ana Landrova inayokata kona. Wasichana walikuwa na wanasesere wa magunzi. Wachungaji wadogo walifinyanga ng'ombe wa udongo wenye nundu, wakawapeleka malishoni na kuwarudisha kwenye zizi la vijiti, na ole wake aliyekanyaga ndama wa mwenzake. Vijana wa gereji pale Karatu mjini walimcheka. "Aako, hayo ya zamani sana," walimwambia, maana ndivyo Wairaqw wanavyomwita babu. Naye aliwajibu kwamba ya kale ni dhahabu, na wao wamebakiwa na plastiki.

Lakini utotoni mwake kulikuwa na kitu kimoja ambacho waya na udongo havikuweza kukiiga. Baba yake alikuwa kibarua kwenye shamba la kahawa la mzungu upande wa Oldeani, na mtoto wa yule mzungu alikuwa na kigari cha bati, chekundu, kinachokwenda kwa pedeli. Hilary alikifahamu vizuri kile kigari kwa upande wa nyuma, kwa sababu kazi yake ilikuwa kukisukuma kila kilipofika kwenye mwinuko. Kiti chake hakukikalia hata siku moja. Ukimwuliza kama iliuma atakuambia haikuuma, alifurahi tu kukigusa, na mimi simwamini hata kidogo. Mzungu aliondoka na kigari chake, Hilary akabaki na hamu.

Hamu hiyo aliitibu akiwa mtu mzima, fundi wa kuchomelea katika gereji ya magari ya watalii, alipozaliwa mwanawe wa kwanza, Emmanueli. Alichukua boneti ya Landrova iliyopinduka, akaikata na kuikunja, akafunga pedeli za baiskeli na magurudumu ya kitoroli, akapaka rangi ya samawati kwa sababu ndiyo iliyokuwa imebaki koponi. Gurudumu moja lilikuwa linalia. Hilary alitaka kulitia grisi, mkewe Evarista akakataa. "Acha lilie," alisema. "Nikiwa jikoni nitajua mwanangu yuko upande gani." Basi likaachwa, na kijiji kizima kikazoea mlio ule, na hakuna mtoto wa jirani ambaye hakukipanda kile kigari. Mara nyingi Emmanueli ndiye aliyesukuma, na hapo baba yake alikuwa akigeuza uso pembeni.

Emmanueli hakufika darasa la pili. Homa ilimshika wakati wa mvua, barabara haipitiki, akafia asubuhi mapajani mwa mama yake, nyumbani, kabla ya kupatikana gari la kumpeleka hospitali. Baada ya mazishi kigari kilibaki uani. Hilary hakuweza kukitazama na hakuweza kukivunja.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo Mwiraqw yeyote angelielewa. Kwao ng'ombe wote hawawekwi zizi moja. Unamkabidhi rafiki yako wa mbali, anamchunga, anakunywa maziwa yake, na ng'ombe anabaki wako hata ipite miaka. Humfuatifuati mtu kumwuliza mnyama wako, huo ni utovu wa adabu. Akifa, yule mchungaji anakuletea ngozi, kwa sababu ngozi ndiyo ushahidi kwamba hakumuuza wala hakumla kwa siri. Mwenye mali akiona mtu anakuja na ngozi begani, haulizi kitu, ameshajua. Hilary alibeba kigari mpaka Kansay kwa rafiki yake Qamara, aliyekuwa na watoto wengi. "Nakukabidhi kama ng'ombe," alimwambia. Qamara akakipokea kwa mikono miwili.

Miaka ikaenda. Hilary na Evarista walipata binti, Goodness, akasoma, akaolewa Arusha. Qamara alifariki, Hilary akaenda kuzika na kurudi bila kuuliza chochote. Nywele zikawa nyeupe. Macho ya Hilary yakaharibiwa na moto wa kuchomelea, akaacha kazi, akabaki kwenda gereji kupiga soga tu. Na Evarista akaanza kusahau.

Mwanzoni alisahau chumvi, kisha akasahau njia ya kanisani, kisha siku moja akasahau kwamba amezika mtoto. Jioni moja aliweka makande kwenye kibakuli kidogo, akasimama kwenye uzio, akaita, "Emma! Emma, njoo ule!" Hilary alikuwa ameketi barazani. Alikwenda akamshika mkono, akamwambia ukweli kwa upole. Evarista akalia kama siku ile ya kwanza. Kesho yake alikuwa amesahau tena, akaweka makande, akaita, na Hilary akamwambia tena, akalia tena. Ni mwanamume gani anaweza kumfisha mtoto wake kila siku? Hilary hakuweza. Siku iliyofuata, alipoulizwa mtoto yuko wapi, alijibu, "Amekwenda Kansay kwa kina Qamara. Na kigari chake."

"Aa," Evarista akasema. "Basi huko hashindi njaa." Akala yale makande yeye mwenyewe, kwa furaha.

Usimlaumu haraka. Uongo ule uliwatunza wote wawili kwa muda mrefu. Evarista alinenepa kidogo, alicheka, alichambua maharage huku akipanga nguo atakazomfulia Emma akirudi. Lakini mama ni mama, hata akili ikitoboka. Alianza kulalamika kwamba mtoto amekaa mno kwa watu. Halafu akalalamika kwamba hausikii mlio wa gurudumu. Alikuwa akinyamazisha redio na kuku wote wawili kwa pamoja ili asikilize. Chakula kikaanza kumshinda. Usingizi ukampaa.

Goodness alipopata habari alikuja na kigari kipya cha dukani, cha plastiki, kinachotembea kwa betri na kuimba Kizungu. Binti ana mapenzi, tatizo ni duka. Evarista alikizunguka mara mbili, akakigonga kwa kidole, akasikiliza sauti yake. "Hiki si cha kwetu," alisema. "Hiki kina nyimbo. Cha mwanangu kinalia." Kisha akamgeukia mumewe. "Baba Emma, nenda Kansay ukamlete. Inatosha sasa."

"Nitakwenda," Hilary akasema, ilimradi anyamaze.

Lakini alilala na wazo hilo na kuamka nalo, na asubuhi likawa limeota miguu. Kigari kipo. Kikirudi na kusimama uani, Evarista akakigusa, pengine akili yake ingepata pa kutulia. Angemwambia mtoto amekwenda shule, kigari hiki hapa, anakirudia jioni. Angekisukuma yeye mwenyewe nyuma ya nyumba ili mama asikie mlio. Mzee wa umri wake! Hata yeye alijicheka alipokuwa akivaa koti. Ila tumaini likikushika uzeeni halikuachii nafasi ya kufikiri.

Alikodi bodaboda mpaka Kansay. Angela, mjane wa Qamara, alimpokea mlangoni.

"Saita, shemeji! Leo umepotea njia?"

"Saita. Nimekuja kuwaona tu."

Akakaribishwa chai na viazi. Wakazungumza mvua, wakazungumza ngano, wakamsengenya kidogo mwenyekiti wa kitongoji, kwa maana mtu haanzi na ng'ombe. Chai ilipokwisha ndipo Hilary akakohoa.

"Yule mnyama wetu," alisema. "Nimekuja kumtazama."

Angela aliweka kikombe chini. "Alishakufa, shemeji. Siku nyingi. Watoto wangu walikipanda, wajukuu wakakipanda, mpaka chini kukaoza. Magurudumu tulifungia toroli la maji, nalo likaisha. Lakini marehemu alituambia ngozi iwekwe."

Akaingia stoo, akarudi na bati la mbele, lile la boneti, limekunjamana, kutu imelila pembeni lakini samawati ingali inaonekana. Palikuwa na kibonyeo upande wa kulia, pale Emmanueli alipoligonga geti. Hilary alitia kidole kwenye kibonyeo kile, kikaingia.

"Mbona hakuniletea?" aliuliza.

"Alijaribu. Alifika mpaka njia panda akarudi. Alisema, nitampelekeaje mtu ngozi kwenye nyumba yenye msiba?"

Hilary alilisikia neno lile na akalipita, kwa sababu kichwani mwake alikuwa ameshaanza kuchomelea. Sakafu mpya si kazi. Magurudumu yapo mjini. Wale vijana wa gereji, aliowapigia simu palepale, wangemshikia mashine, yeye awaonyeshe. Alitoka kwa Angela akiwa na wepesi ambao hakuwa nao tangu mkewe aanze kuugua. Fundi mwenye bati ni mtu tajiri, na fundi mwenye furaha ni mtu asiyeona mbele.

Laiti angepitia gereji kwanza. Lakini alitaka Evarista aione ile samawati siku ileile. Njia ya kwao ilikuwa tope, bodaboda ikaserereka, akateremka na kumaliza kipande kilichobaki kwa miguu. Bati lilikuwa zito kwa mkono mmoja, basi akalitupia begani, likamlalia mgongoni kwa mkunjo wake.

Evarista alikuwa kwenye uzio. Alikuwa ameoga, amevaa kitenge cha Jumapili, na kibakuli cha makande kilikuwa tayari juu ya kigoda. Siku hii hakuwa amesahau kitu: alikuwa amemtuma mumewe Kansay kwa kina Qamara akamlete mtoto. Akamwona anakuja. Akatazama nyuma yake njiani, kulia na kushoto. Hapakuwa na mtu. Akatazama kile alichobeba begani.

Alikuwa binti wa watu wenye ng'ombe. Alikuwa ameona wanaume wakipanda kilima namna ile tangu akiwa mdogo, na mama yake akisitisha kazi na kukaa chini. Akakaa chini, kwenye tope, na kitenge chake cha Jumapili, akavua kilemba.

"Mama Emma," Hilary akaita, akitabasamu bado, maskini, "tazama nilichokuletea!"

"Amefia kwa watu," Evarista akasema. Hakupiga kelele. "Mwanangu amefia kwa watu, nami nilikuwa hapa nachambua maharage."

Hilary alitupa bati chini. Alipiga magoti kwenye tope lilelile, akamshika mabega, akamweleza. Kwamba mtoto hakufia Kansay. Kwamba alifia nyumbani, zamani, na hakuwa peke yake hata dakika moja. Alimweleza kuhusu mvua ile, na blanketi, na wimbo ambao mama mwenyewe alimwimbia. Evarista alimsikiliza mpaka mwisho kwa makini.

"Jana ulisema yuko kwa kina Qamara," alisema.

Hilary alimwinua, akamwingiza ndani.

Alisubiri asubuhi. Kwa mara ya kwanza tangu ugonjwa uanze aliombea mkewe asahau. Bati alilizika nyuma ya banda la kuku, akapiga simu Arusha, Goodness akaja, wakampeleka mama kwa daktari. Lakini Evarista, aliyesahau chumvi na njia ya kanisani na jina la binti aliyekaa mbele yake akimlisha uji, hilo hakulisahau. Aliamka nalo kila siku kama vile ameambiwa jana. Hakuweka tena makande. Hakusimama tena kwenye uzio. Majirani walikuja kumpa pole, wakidhani ni msiba ule wa zamani, naye aliwapokea kwa adabu na kuwaeleza kwamba mwanawe amefariki ugenini, hata kumwosha hakumwosha.

Hilary haendi tena gereji. Vijana walituma salamu, wakamwuliza lini atawaletea hilo bati la kuchomelea, akasema limepotea. Anashinda barazani na mkewe. Kila jioni, wakati ambao zamani alikuwa akiita, Evarista anamgeukia na kumwuliza jambo moja, kwa sauti ndogo, kama mtu anayeona aibu kuuliza.

"Aliniita?"

"Ulikuwa umempakata," Hilary anamjibu. "Mapajani mwako hapa. Alikuwa anakutazama."

Evarista anamtazama kwa huruma. Anampigapiga mkono, jinsi unavyomfanyia mtu mwongo ambaye unajua anakupenda, kisha anageuza uso na kuanza kulia. Na kesho atauliza tena, na Hilary atamwambia tena ukweli, na hatauamini.