Mashua Iliyovuja Mara Tano

Fundi Saa alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na miwili, na ishirini na minne kati ya hiyo aliimaliza ameinamia meza moja, lenzi imebanwa jichoni, akichokonoa saa za watu kwa koleo jembamba. Kibanda chake kilitosha kiti, meza na mguu mmoja wa mteja. Daktari wa macho ndiye aliyemwanzishia balaa. "Mama, macho yako yanadhani dunia inaishia sentimita kumi," alimwambia. "Yatafutie kitu cha mbali cha kutazama."

Mtu mwingine angeanza kutembea jioni. Yeye alinunua mashua.

Aliyemuuzia alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu mpole asiyevua kofia, aliyeishi karibu na ziwa. Mashua ilikuwa nyuma ya nyumba yake chini ya turubai: ya plaiwudi, urefu wa hatua tano, ina mlingoti na tanga lake, ya kutosha watu wawili. Rangi yake ya bluu iling'aa kama sufuria mpya. "Haina tatizo," alisema Mpima akiipapasa. "Haijaingia majini miaka kadhaa, hilo tu." Fundi Saa, ambaye hata betri ya saa hainunui bila kuipima, aliitazama ile rangi, moyo ukampaa. Hakuipindua aone tumbo lake.

Jumamosi mashua ikashushwa uani, ikala nusu ya ua. Nusu hiyo ilikuwa ya kamba ya nguo ya wifi yake, dada wa marehemu mumewe, nesi aliyekuwa akiishi naye. Wifi alitoka na beseni la mashuka yanayochuruzika, akasimama.

"Wifi, hiki ni chombo au ni mgeni?"

"Ni chombo."

"Basi kiambie kisogee, mimi nianike."

Hakikusogea kwa miezi saba.

Siku ya pili Fundi Saa alichukua bisibisi akagusa ubao wa nyuma, mahali pa kufungia usukani. Bisibisi ikazama mpaka mpinini. Chini ya rangi ile nzuri ubao ulikuwa umeoza, laini kama mkate uliolowa chai. Alikuwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia, tena kwa macho yake mawili na lenzi juu. Akakata pale palipooza, akakuta kuoza kumeendelea, akakata tena. Jioni hiyo mashua ilikuwa na tundu ambalo paka wa jirani aliingilia na kutokea.

Hilo alilimaliza kwa wiki tano. Alipima kipande kipya kwa rula ya saa, akakipiga msasa mpaka kikaingia bila kupumua. Alijivunia. Kisha akaijaza mashua maji aone kama inashika, na maji yakatoka katikati.

Katikati ya mashua kama ile kuna kisanduku chembamba, wazi juu na chini, ambamo hushushwa ubao majini ili upepo usiisukume mashua kando kama jani. Pale kisanduku kinapokutana na sakafu ndipo palipovuja. Akaziba kwa gundi. Pakavuja. Akakwangua, akaziba kwa gundi ya kuchanganya, ile inayoshika vidole siku mbili. Pakavuja sentimita tatu mbele. Mara ya tatu aliweka vipande vya mbao pande zote mbili na skrubu kumi na sita, na mashuka yote ya wifi yakapata madoa ya gundi ambayo hayatoki mpaka leo.

"Nilidhani wewe ni fundi," alisema wifi.

"Saa ikiharibika, kilichoharibika ni kitu kimoja. Hii kila ukishika hapa, inaharibika pale."

"Hiyo si mashua, hiyo ni ukoo."

Alipovuja mara ya nne, maana kufikia hapo alikuwa akisema 'nimevuja' kana kwamba ni yeye, Fundi Saa alivaa viatu akaenda kwa Mpima. Hakubisha hodi vizuri. Mlango ulifunguliwa na mke wa Mpima, ambaye alisikiliza malalamiko yote akiwa amesimama, kisha akageukia ndani.

"Mzee, mwambie mwenzako ukweli, au nimwambie mimi."

Mpima alitoka na kofia yake. Ukweli ulikuwa mfupi. Siku ya kwanza kuiingiza mashua ziwani, miaka tisa nyuma, aliigongesha kwenye jiwe kwa ule ubao wa katikati, kisanduku kikang'oka kwenye sakafu. Akaivuta nyumbani. Hakuwahi kuipeleka tena. Kila mwaka aliipaka rangi.

"Kwa nini rangi?" aliuliza Fundi Saa.

"Rangi naiweza," alisema Mpima, akitazama chini.

Fundi Saa alikuja kutukana, na matusi yalikuwa tayari mdomoni, lakini utamtukana vipi mtu wa namna hiyo? Akayameza, akarudi nyumbani.

Baya zaidi, tangu siku hiyo Mpima alianza kuja kila Jumamosi kusaidia. Alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akitoa ushauri. Alipima kila kitu na kuandika kwenye daftari. Aliona skrubu moja imekaa upande na akaitaja mara tatu. "Toa kisanduku chote," alisema, "uanze upya." Fundi Saa hakutaka kusikia habari ya kuanza upya. Aliziba mara ya nne, akaijaza maji, ua ukabaki mkavu siku mbili.

Wakaipeleka ziwani kwa mkokoteni. Wifi alikataa kupanda. Alisema wagonjwa alionao wanamtosha. Mtu wa pili akawa Mpima, kofia imefungwa kwa uzi kidevuni. Tanga likapanda, likapiga kelele, likajaa. Mashua ikaondoka. Kwa robo saa hivi ilikwenda kweli, na Fundi Saa, mkono kwenye usukani, akasahau kukasirika.

Kisha wakataka kugeuka. Ule ubao ulipoegemewa na maji kutoka upande wa pili, kisanduku kikasema *krak*, na maji yakaingia kwenye soksi za Mpima.

"Si nilisema," alisema Mpima.

"Chota," alisema Fundi Saa.

Alichota kwa kofia. Upepo ukawasukuma kando hadi kwenye matete ng'ambo, wakakaa humo hadi saa tisa, wakisubiri mwenye makasia apite. Matanga matatu ya watu wengine yalipita mbali yakigeuka wakati yanapotaka. Fundi Saa aliyahesabu kwa hasira.

Jumatatu hakufungua kibanda. Alikopa msumeno, akaweka lenzi pembeni, akaanza kukata kisanduku chote, na skrubu zake kumi na sita, na miezi yake saba. Mpima alipofika, safari hii bila kungoja Jumamosi, alikuta ndoo yake imeshapinduliwa, na juu yake kipande cha msasa.

"Leo hukai," aliambiwa. "Leo unasugua."