Misuku Iliyoishia Tanuruni

Wenzangu mliokulia Ufipa enzi za vijiji vya ujamaa, mnaikumbuka baridi ile ya Juni? Tunakanyaga udongo wa matofali asubuhi na mapema mpaka vidole vinakufa ganzi, na mwalimu anatuambia hiyo ndiyo elimu ya kujitegemea. Tulicheka tu. Kijana wa leo mwambie akanyage udongo, atakuuliza, "Mzee, kwani hakuna mashine?"

Tulipohamia kijiji kipya tulikuta kilima kimejaa misuku, miti ya matunda ya porini. Mvua zikianza, tulikula masuku mpaka midomo inanata, na mama alirudi na kikapu cha uyoga ulioota chini ya miti hiyo. Aliuunga kwa karanga, tukaula na ugali wa ulezi. Jamani, uyoga ule! Lakini kilima kilikuwa kimezoea kaya chache. Sasa kijiji kizima kilitaka kuni, na kila kaya ilihimizwa kujenga nyumba bora ya matofali ya kuchoma.

Mama alimsihi baba asiiguse misuku. Baba akakubali, akawa anaokota kuni mbali, kidogo kidogo, hazitoshi tanuru. Nyumba yetu ya nyasi ilivuja, na mdogo wangu Yustina, bado anatambaa, alikohoa masika yote. Asubuhi moja mama mwenyewe akamkabidhi baba shoka. Nililia, nikamuuliza masuku tutakula wapi.

"Mwanangu," alisema, "masuku hayatamkinga mwenzio na mvua."

Majirani nao walikuwa na watoto wao. Matanuru yalifuka moshi kila upande, nasi watoto tukafukia viazi kwenye majivu ya moto, tukala kwa furaha kana kwamba ni sikukuu. Tukahamia nyumba mpya. Kifua cha Yustina kikapona.

Leo Yustina ana wajukuu. Kilima kimebaki mawe, kijito chake hukauka mapema, na masuku tunayaona sokoni Sumbawanga, yametoka mbali. Wajukuu wakirudi kutoka shuleni hutuuliza kwa nini wazee tulimaliza miti. Wana haki ya kuuliza, na mimi kilima kile nakililia mpaka leo. Halafu namtazama Yustina, bibi yao, anavyowacheka, mzima wa afya. Ningerudishwa asubuhi ile, shoka ningelinoa mimi.