Kofia Isiyo na Alama ya Nyundo

Saa moja na nusu asubuhi, Jumamosi, mjini Bexton Mills, Ohio. Theluji ya Machi imeshageuka tope na paka wa jirani anatembea kwa kunyata kama aliyeajiriwa kupeleleza. Mlango wa gereji ya Lorna Pietrzak umefungwa kwa ndani.

Ukitega sikio unasikia nyundo. Ko, ko, ko. Halafu kimya. Kimya kirefu, cha kutosha mtu kumaliza kikombe cha kahawa, kisha nyundo inaanza upya.

Ni hicho kimya kilichozua maneno. Wanachama wa Ngao Nyeusi, chama cha watu wanaovaa deraya za chuma mwishoni mwa wiki na kupigana kwa panga butu, wanajiuliza huyu mama anafanya nini humo ndani nyundo ikinyamaza. Mwandishi wa makala haya alijiuliza vilevile, ndiyo maana alifika bila kupiga simu.

Mlango unafunguka robo. Jicho moja la bluu linachungulia.

"Umetumwa na Gus?"

Hilo ndilo neno lake la kwanza. Hakuna karibu, hakuna habari za asubuhi.

Akishahakikishiwa kwamba hakuna aliyetumwa na mtu, Lorna, mwenye miaka 57, mfupi, mabega mapana, anarudi kwenye tanuri yake ya gesi. Anachomoa bamba la chuma kwa koleo, limeiva rangi ya chungwa. Analilaza juu ya kisiki cha mti kilichochongwa shimo kama bakuli, anashusha nyundo. Moshi wa kisiki kinachoungua unapanda, chuma kinaanza kubonyea kufuata shimo. Kwa mapigo machache, bamba lililokuwa bapa limeanza kufanana na kichwa cha mtu.

"Umeona? Mkono huu," anasema huku akiuinua. "Sasa kawaambie."

Lakini bamba likishapoa analiweka pembeni na kulifunika kwa gunia. Hatua inayofuata, anasema, haionyeshwi mgeni. Machale yakamcheza mwandishi hapohapo.

Lorna hakuzaliwa kwenye nyundo za deraya. Tangu akiwa msichana alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari katika gereji ya kaka yake, Len. Gari likija limekunjwa kama karatasi ya andazi, Lorna analirudisha mpaka mwenyewe analipita akilitafuta. Len alikuwa na sheria moja: mteja akijua mlango wake uliwahi kugongwa, hiyo kazi bado haijafanyika.

"Na mteja haruhusiwi kuingia nyuma," anasema Lorna. "Akiona ninavyokwangua na kupiga tupa, ataona gari lake limechinjwa. Aje aone limeng'aa, alipe, aondoke."

Kwenye deraya aliletwa na binti yake, Corinne, muuguzi wa miaka 26, aliyejiunga na Ngao Nyeusi. Mama alikwenda kutazama mazoezi, akaona bei ya deraya kamili iliyofuliwa kwa mkono, dola elfu nne na ushee, akacheka kwa sauti. Bati hili? Mbona naliweza!

Aliyemsikia ni Gus Haverkamp, fundi deraya mkongwe wa chama hicho, mtu mwenye nyusi za kufunika macho na asiyeamini hata utabiri wa hali ya hewa. "Unaliweza?" akamwambia. "Njoo Jumanne, tuone hizo mbwembwe."

Akaja. Sasa ni mwaka wa nne. Gus anakiri kwamba hajapata mwanafunzi mwenye mkono mwepesi namna ile, na anavyokiri unadhani anang'olewa jino.

Fitina ilianza vuli iliyopita. Lorna alipeleka kwenye maonyesho ya chama kofia ya chuma ya kwanza aliyoitengeneza peke yake toka mwanzo hadi mwisho. Nje iling'aa kama kijiko kipya. Gus akaingiza vidole ndani, akavipitisha huku na huku. Laini. Akaigonga kwa ukucha, akasikiliza, akakunja uso. Kisha akampa mwenyekiti, Marjorie Stoltz, bila kusema neno.

"Mimi nilichokuwa natafuta ni alama za nyundo," anaeleza Marjorie. "Kila fundi anang'arisha nje. Ndani nani anahangaika napo? Ndani ndiko unakoona mkono wa mtu umepita. Kofia ile ndani ilikuwa kama bakuli la dukani."

Kwa lugha ya chama hicho, maana yake ni moja: kofia ya mashine, iliyonunuliwa kiwandani na kuletwa pale kwa jina la mtu. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo. Mwanafunzi hupewa chapa yake, alama ndogo ya kugonga kwenye chuma, pale tu chama kinapoamini kazi ni ya mkono wake. Asiye na chapa hauzi kitu kwenye mashindano ya kiangazi.

Na Lorna alikuwa ameshapunguza siku zake kwa Len, akitegemea chapa hiyo. Kofia yenyewe alikuwa ameshampa Corinne, aje aivae kwenye mashindano yake ya kwanza.

"Miaka yote hii nimekula naye meza moja," anasema juu ya Gus, sauti ikikwaruza. "Amekula pierogi zangu, sambusa zetu za Kipolandi, amefunga na za kwenda nazo nyumbani. Halafu ananiita mwizi kwa kunyamaza. Bora angenitukana."

Mji mdogo hauna dogo. Mara ikasemwa kuna maboksi mazito yanashushwa kwake kila mwezi. Mara ikasemwa yanatoka ng'ambo. Asubuhi hiyo mwandishi aliyaona kwa macho yake, matatu, yamepangwa nyuma ya mlango. Akauliza.

Lorna alichukua kisu, akapasua la juu kwa hasira. Ukamwagika mchanga wa choo cha paka.

"Lakini huna paka," mwandishi akasema.

"Nina sakafu yenye oili. Gereji zote zinamwaga huu mchanga kunyonya oili. Hao wapelelezi wenu hawajawahi kuingia gereji?"

Mwandishi alitazama sakafu. Oili ilikuwepo, mchanga nao ulikuwepo. Hata hivyo lile gunia lilibaki limefunika bamba, na Lorna alibaki amesimama mbele yake.

Jumamosi iliyofuata chama kilimwita kwenye ukumbi wao, uliokuwa zamani kituo cha zimamoto. Masharti yalikuwa mepesi kuyasema: afue kifuniko cha goti mbele ya watu, toka bamba bapa hadi mwisho, asiondoke na kitu, asifunike kitu. Lorna alikubali kabla Marjorie hajamaliza sentensi.

Nyuma ya jengo, uwanjani, wapiganaji walikuwa na mazoezi. Corinne alifika akiwa na kofia ya mama yake kwapani. Hakuwa amewahi kuivaa.

"Leo naivaa," alimwambia mwandishi. "Wakimaliza kumhoji humo ndani, watoke wanione nayo kichwani. Wajue nani anamwamini mama yangu."

Ndani, Lorna alifua. Watu walijipanga ukutani wamekunja mikono, kila mmoja anamkodolea macho kama askari wa forodha. Chuma kikaiva, kikabonyea, kikazungushwa juu ya fuawe ndogo ya duara na kupigwa taratibu kutoka nje. Marjorie alianza kutikisa kichwa kwa kuridhika. Hata wabishi walianza kunong'ona kwamba, jamani, huyu mama anajua.

Kisha nyundo ikanyamaza. Lorna alifungua mfuko wa aproni, akatoa tupa pana iliyopinda, ya kazi ya magari. Akageuza kifuniko, akaanza kukwangua kwa ndani. Kwangu, kwangu. Vumbi la chuma likadondokea viatu vyake.

Gus aliinuka kitini.

"Hiyo tupa ya nini?"

"Kuondoa matuta."

"Huwa unafanya hivyo?"

"Kila kazi. Nakwangua, napiga, nakwangua tena mpaka kidole kisione kitu. Sasa umejua siri yangu, kalale salama."

"Lorna." Gus alisema polepole sana. "Unaondoa matuta, au unaondoa chuma?"

Akatoa mfukoni kipima unene, kidude chenye taya mbili, akakibana kwenye tumbo la kifuniko. Akakitazama, akampa Lorna atazame mwenyewe. Bamba lilianza likiwa na milimita mbili. Nyundo hulivuta, hilo kila fundi analijua na kulipigia hesabu. Tupa ilikuwa imekula sehemu kubwa ya unene uliobaki, na ilikuwa bado haijamaliza kazi yake.

"Ndiyo maana kofia ile ililia nyembamba nilipoigonga," Gus alisema. "Za mashine hulia hivyo, mashine huvuta utosi mara moja. Laini ndani, nyembamba juu. Ningesema nini? Nilidhani umeinunua."

Mlango wa gari haupigwi kwa upanga. Ukilainishwa ukabaki mwembamba, unapakwa rangi na hakuna anayekufa. Lorna alikuwa amesimama na tupa mkononi. Hakuwa akiwaza chapa tena.

"Corinne," alisema.

Alitoka mbio na aproni yake, tupa bado mkononi. Uwanjani binti yake alikuwa ameshafunga kamba za kidevu, na kijana mmoja pande la mtu alikuwa anainua upanga wake ili waanze.

"Simama! Corinne, vua hiyo kofia!"

Corinne aligeuka, akaona umati unamwagika kutoka ukumbini nyuma ya mama yake, akaelewa vibaya kabisa.

"Sivui! Wamekwambia nini hao? Waje waniambie mimi!"

"Vua, nimekwambia!"

"Mama, usiwape hiyo raha. Wewe umeitengeneza, mimi naivaa. Basi!"

Miezi yote hiyo Lorna alikuwa akiitetea kofia ile kwa kila mtu, kanisani, kwenye foleni ya benki, kwenye simu. Sasa ilimbidi asimame katikati ya uwanja wenye tope, mbele ya watu walewale waliomtilia shaka, na aseme kinyume chake.

"Ni nyembamba," alisema. Sauti ilikatika, akaanza upya kwa nguvu. "Ni mbovu. Hakuna aliyenionea. Nimeiharibu mimi, kwa mkono wangu. Vua mwanangu, nakuomba."

Corinne alifungua kamba.

Gus aliichukua kofia, akaivika juu ya nguzo ya mazoezi, akaazima upanga butu wa yule pande la mtu. Alipiga pigo moja, la kawaida, la mzee. Utosi ulibonyea kama kopo la soda na mpasuko ukatokea wa kupitisha kidole. Corinne alijishika kichwa, akakaa chini kwenye tope.

Lorna aliingiza kidole kwenye ule mpasuko, akakitazama.

"Bora mngenikuta mwizi," alimwambia Gus. "Ya mwizi isingekuwa kazi yangu."

Gus, ambaye wengi hawajawahi kumsikia akiomba radhi, alikohoa. "Ningekuuliza," alisema. "Vuli ile ile. Ningekuuliza tu, kuliko kukuchunguza."

"Na mimi ningefungua mlango," Lorna akajibu.

Chama kilimfutia tuhuma siku hiyohiyo. Chapa hakikumpa. Marjorie anasema mkono ni wake bila shaka yoyote, lakini chapa haigongwi kwenye chuma kisichomlinda aliyekivaa. Atapimwa tena vuli. Lorna hakubisha, ingawa Len alipiga simu akitaka wote washitakiwe.

Mwandishi alirudi Bexton Mills mwishoni mwa Aprili. Asubuhi bado ilikuwa na baridi ya kuuma masikio, lakini mlango wa gereji ulikuwa umepandishwa hadi juu na mlio wa nyundo ulisikika tangu kona ya barabara. Gus alikuwa amekaa mlangoni kwenye kiti cha kukunja, amejifunika blanketi, sahani ya pierogi magotini.

"Namchunga," alisema. "Ile tupa nimeifungia kwangu. Lakini wanyoosha bodi siwaamini, anaweza kuwa na nyingine."

"Ninayo," Lorna akaitikia kutoka ndani. "Naifungulia mikebe ya rangi. Kula unyamaze."

Anakiri bado inamwasha. Akipitisha kidole ndani ya kofia na kukutana na tuta, mkono unakwenda wenyewe mfukoni. "Naona kama nimetoka nyumbani bila kuchana nywele," anasema. Kofia mpya ya Corinne imemaliza wiki ya tatu juu ya fuawe. Binti ameahirisha mashindano ya kiangazi kuisubiri. Mama anataka chapa yake, atakapopewa, igongwe kwanza kwenye hiyo, kisha ndipo achukue kazi za watu na kumuaga Len kabisa.

Karibu na saa sita Corinne aliingia akiwa bado na sare ya hospitali. Alichukua kofia, akaingiza mkono, akaupitisha taratibu pande zote. Ndani kulikuwa na vibonyeo vingi vidogo, kimoja kando ya kingine.

"Ina matuta kila mahali, mama."

"Nimeyaacha."

Corinne alimrudishia kofia. Halafu akakichukua kipima unene juu ya meza, akampa.

"Pima tena," alisema. "Nione."

Lorna aliipima tena, kuanzia utosini, na kila namba aliisoma kwa sauti.