Dawa Nyeusi Katika Lori la Watu Wawili

Oili iliyochakaa ina harufu yake, na aliyewahi kuinusa hawezi kuichanganya na nyingine. Ni harufu ya chuma kilichopata moto na masizi, na ndani yake mna utamu kidogo, kama wa sukari iliyoungulia sufuriani. Juzi fundi wa uzio alikuja kwangu hapa Kericho akazipaka nguzo oili ya namna hiyo ili mchwa wasizile. Upepo wa mvua ukaileta harufu hadi barazani. Niliweka kikombe chini. Nilikuwa tena msichana mdogo wa Litein, ni Jumamosi asubuhi, na miguu ya baba yangu imetokeza chini ya lori.

Ningeliacha jambo hili lilale kama si hotuba niliyoisikia harusini mwaka uliopita. Msemaji, kijana mwenye suti nzuri na maarifa machache, aliwachekesha wageni kwa kisa cha mzee wa zamani aliyetia mkaa wa mursik, yale maziwa yetu ya kibuyuni, katika injini, eti lori likafa kwa kushiba maziwa ya mgando. Watu walicheka hadi wakafuta machozi. Mzee huyo alikuwa baba yangu. Mimi nilikuwa karani wa serikali hadi nilipostaafu, na tulifundishwa kwamba maelezo yakikosewa husahihishwa kwa kalamu, si kwa kelele. Kwa hiyo sikusimama. Ninasahihisha hapa.

Baba, Arap Sang, alijifunza udereva vitani, akarudi nyumbani akiwa na malipo yake ya uaskari. Rafiki yake Arap Tonui alikuwa na ng'ombe. Miaka ya hamsini ilipoanza walichanga, wakanunua lori kuukuu la kubeba mahindi na abiria kati ya Sotik, Litein na Kericho. Lakini hawakuwa marafiki wa biashara tu. Walitahiriwa siku moja na kukaa menjo moja, ile nyumba ya msituni ambamo vijana wetu hufichwa hadi wapone na kufundishwa. Katika mstari wa siku ile Tonui alisimama wa kwanza, na baba akamfuata. Kwetu aliyetangulia mstarini huheshimiwa na waliomfuata maisha yake yote. Lori lile lilikuwa undugu wao uliowekewa magurudumu. Bibi yangu alilitazama kwa shaka tangu siku lilipofika. "Ng'ombe wa watu wawili hulala na njaa," alisema, "kila mmoja akidhani mwenzake amemlisha."

Baba hakumpelekea fundi yeyote lori hilo kwa ajili ya oili. Aliibadilisha mwenyewe, kwa utaratibu aliotoka nao jeshini. Kwanza aliwasha injini ikapata joto, kwa sababu, alisema, uchafu ukipoa hulala chini na haukubali kutoka. Kisha aliingia chini na spana, akafungua nati, na oili ikashuka katika debe lililokatwa ubavuni, nyeusi, ikitoa mvuke katika ubaridi wa asubuhi. Hakuharakisha tone la mwisho. Oili mpya aliimimina polepole kupitia kitambaa safi cha mama, na rangi yake ilikuwa ya asali. Halafu alichomoa kile kijiti cha kupimia, akakifuta, akakirudisha, akakichomoa tena na kukiinua juani. Nyuma ya nyumba nguzo zetu zote zilikuwa nyeusi kwa oili ya zamani.

Gharama ya oili ilikuwa juu ya Arap Tonui, ndivyo walivyogawana. Na kila alipoona debe lile likijaa, uso wake ulikuwa wa mtu anayemwona ndama wake akichinjwa.

Siku moja ya soko alifika Litein mchuuzi mwenye gari dogo lililojaa mikebe. Alikuwa akiuza dawa ya injini. Alifungua mkebe mmoja mbele ya umati, na ndani mlikuwa na mafuta mazito yenye unga mweusi. Alipaka kidogo juu ya vipande viwili vya chuma, akavisugua, vikateleza kama samaki.

"Wazee wangu, gari ni mgonjwa asiyesema!" alipaza sauti. "Mpe mkebe mmoja tu. Atanyamaza kama mtoto aliyeshiba!"

Maneno ya baba na rafiki yake yalikuwa ya Kikipsigis. Nayaweka kwa Kiswahili kwa uaminifu niwezao. Arap Tonui alichovya kidole mkebeni, akakinusa, akacheka kwa furaha ya kweli.

"Arap Sang, huu ni mkaa! Wazungu wamechelewa tu. Mama zetu wanasugua kibuyu kwa mkaa, maziwa yanakaa humo, hayaozi, na yakikaa zaidi ndiyo yanakuwa matamu. Wewe kila mara unamwaga oili. Unamwaga maziwa kabla hayajaiva!"

"Kibuyu hakiwaki moto ndani, ndugu yangu," baba alisema. "Wala hakizunguki."

"Huko jeshini mlimwaga kwa sababu haikuwa mali yenu!"

Umati ulicheka. Baba naye alitabasamu, akafungua mdomo kama mtu mwenye neno la pili, kisha akaufunga. Mikebe ilinunuliwa. Ikaamuliwa, na sitasema iliamuliwa na wote wawili, kwamba dawa ikishatiwa oili haitamwagwa tena. Itaongezwa tu inapopungua.

Lazima niseme ukweli wote. Mwanzoni injini ilitulia. Ilipanda vilima ikiimba kwa sauti ya chini, na Arap Tonui alitembea sokoni akieleza habari ya kibuyu kwa kila aliyesimama. Hata bibi alikiri kwamba hoja ilikuwa na akili. Sisi ni watu tunaojua kazi ya mkaa. Nani angebishana na kile kilichomlea?

Lakini baba aliendelea kuchomoa kile kijiti. Alipaka oili kati ya vidole vyake, akaisugua akiwa amefumba macho, kama mkulima anayepima udongo. Halafu alifuta mkono, akavaa koti lake zuri, akaenda kwa Arap Tonui kumwambia kwamba oili lazima imwagwe. Alirudi jioni.

"Umemwambia?" mama aliuliza.

"Alikuwa na wageni."

Safari nyingine walikuwa wamezungumza habari za ndama. Safari nyingine mvua.

"Baba Chebet, ulimi wako umeliwa na nini?" mama alimwambia siku moja akimenya viazi kwa hasira, maganda yakiruka. "Kama unaogopa, nipe mimi hilo koti, niende."

"Huwezi kujua," baba alisema kwa upole. "Yule alinitangulia."

Lori lilikufa msimu wa mvua ndefu, katika mpando wa mwisho kabla ya Kericho, pale ambapo chai ilikuwa imebana barabara pande zote mbili. Nilikuwa ndani, nimebanwa kati ya mama na gunia la mahindi, tukienda kununua viatu vyangu vya shule. Injini ilianza kugonga, kama mtu aliyefungiwa chumbani. Baba alilivuta kando, lakini kabla halijasimama kulitoka mlio mmoja wa chuma, kisha kimya, na katika kimya hicho tukasikia mvua ikidondoka juu ya majani ya chai.

Baba aliingia chini akafungua nati. Hakuna kilichomwagika. Baada ya muda kitu kizito kilijitokeza pale tunduni, kikaning'inia kama uji wa wimbi uliopoa, na hakikuanguka. Wachuma chai walikuwa wamekusanyika na vikapu vyao mgongoni.

"Mkamue!" mmoja alipiga kelele. "Huyo ng'ombe anataka kukamuliwa!"

Arap Tonui, aliyekuwa akitungoja Kericho na kupata habari, alikuja kwa baiskeli, amelowa, akijisukuma katikati ya watu. Alitazama kile kilichoning'inia. Aliona, na alielewa. Nilikuwa karibu naye, niliuona uso wake. Mzee mmoja wa abiria akauliza kwa ukali, "Nani aliyekataza oili isibadilishwe?"

Hapo ndipo kisa cha harusini kilipozaliwa, kwa hiyo naandika kwa uangalifu. Arap Tonui aliangalia chini. Baba alifuta mikono yake, akasema, "Dereva ni mimi. Injini ni ya dereva."

Basi. Watu wakapata wa kumcheka. Mama alishuka akatembea mbele yetu hadi mjini bila kugeuka, na viatu havikununuliwa.

Lori liliuzwa likiwa chuma chakavu. Arap Tonui alihamia upande wa Mulot kufuga. Baba akaajiriwa kuwa mlinzi katika kiwanda cha chai, yeye aliyewahi kuendesha magari ya vita, na watoto wa Litein walimwita Mzee Mursik mbele yangu. Miaka iliyofuata wawili hao walikutana sokoni mara kwa mara. Walishikana mikono kwa muda mrefu, wakaulizana habari za watoto, mifugo na mvua, kwa adabu kamili. Hakuna aliyekanyaga tena nyumbani kwa mwenzake. Nilipokua nilianza kazi ofisini, ambako magari ya serikali hayakosekani, nikawauliza mafundi zaidi ya mmoja. Jibu lilikuwa moja: dawa ile haikuliua lori, na haikuweza kuliokoa. Hakuna unga wa mkebeni unaosafisha oili chafu. Lilikufa kwa kukosa kile ambacho baba alijua tangu mwanzo kwamba linakihitaji. Niliyahifadhi maneno hayo kwa ajili ya Arap Tonui, nikayapanga vizuri, makali na yenye heshima, nikingoja nafasi.

Nafasi ilikuja tulipomzika baba. Arap Tonui alitoka Mulot akiwa mzee sana, ameshikwa mkono na mjukuu. Watu walipoanza kutawanyika alinijia kabla sijamwendea.

"Chebet," alisema, "baba yako alinitendea ubaya mkubwa."

Aliinua mkono wake kunizuia nisijibu.

"Siku ile alinificha mbele ya watu, nami nikashukuru. Lakini hata tulipokuwa wawili tu hakuniambia kitu. Kila nilipomwona sokoni nilingoja aseme, 'Tonui, ni wewe.' Ningejibu, 'Ni mimi,' halafu ningekuja kwake tule. Lakini alinisalimia vizuri mno, mtoto wangu. Ningeingilia wapi?"

Maneno yangu yote yaliyopangwa yalinitoka. Utotoni nilidhani baba alinyamaza kwa woga. Nilipokuwa mtu mzima nilidhani ni kwa uungwana, nikajivuna. Sikuwahi kufikiri kwamba upande wa pili wa heshima hiyo alikuwapo mtu aliyebaki nje, akingoja kuambiwa kosa lake na yule mmoja tu aliyekuwa na haki ya kumwambia. Sijamsamehe Arap Tonui kwa kuangalia chini siku ile. Lakini baba naye sijui nimwondolee hatia gani.

Mama, ambaye hakuwa mtu wa kusahau, alitoka mlangoni akamtazama mzee huyo. Kisha akasema, "Ingia."

Aliingia akiwa ameinama, akakaa kwenye kiti cha wageni, akapokea chai kwa mikono miwili. Hakuinywa. Alikitazama kiti cha baba kilichokuwa mbele yake, kitupu, na aliyepaswa kumwambia "Karibu" alikuwa nje, chini ya udongo mbichi.